Benki Inapofilisika, Nani Anamdai Nani?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze habari ya deni. Sisemi deni la mwenye duka, la kibaba cha sukari na mche wa sabuni, ambalo dawa yake sote tunaijua kuwa ni kulipa. Nasema deni la pande mbili: wewe unaidai benki, benki nayo inakudai wewe, kisha benki yenyewe inafilisika.

Tuchukue mfano mwepesi. Una amana ya shilingi milioni 8 katika benki, na benki hiyo hiyo imekukopesha milioni 10. Siku zote umekuwa ukijihesabu kuwa unadaiwa milioni 2 tu, kwa sababu zile 8 zipo. Asubuhi moja unakuta mlango umefungwa, askari amesimama nje, na tangazo limebandikwa kwamba benki imewekwa chini ya mfilisi. Je, siku hiyo unadaiwa milioni 2 au milioni 10?

Swali hili si la mchezo. Ikiwa unadaiwa 2, utalipa na kwenda zako. Ikiwa ni 10, mfilisi atakutaka uzilete zote taslimu, na kwa zile 8 zako utapanga foleni pamoja na wadai wengine. Mali ya benki ikitosha kulipa robo tu ya madeni yake, foleni hiyo itakupa milioni 2. Umelipa 10, umepata 2, na milioni 6 zimekwenda na maji. Zipo nyumba zilizopigwa mnada kwa fedha ndogo kuliko hizo.

Barua za kuuliza jambo hili huniijia kila inaposikika kwamba benki fulani imeyumba. Mimi si mwanasheria. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na huko nilifundishwa kutafuta jambo lilikoanzia kabla ya kulisemea. Basi nimetafuta, na nimekuta kwamba swali hili lina umri mkubwa kuliko benki yoyote iliyopo duniani leo.

Twende kwanza Roma ya kale. Katika karne ya pili baada ya Kristo aliishi mwanasheria aitwaye Gaius, aliyeandika kitabu cha kufundishia sheria. Kitabu hicho kilipotea kwa karne nyingi, hata mwaka 1816 mwanahistoria wa Kijerumani, Niebuhr, alipokiona katika maktaba ya mji wa Verona, Italia. Kilikuwa kimefichika chini ya maandishi mengine, kwa kuwa ngozi ilikwanguliwa ikaandikwa upya.

Gaius anaeleza kwamba Warumi waliwabana watu wawili katika kudai. Wa kwanza ni mwenye benki. Huyu akimshitaki mteja, sharti apige hesabu nzima kwanza, atoe kile ambacho yeye mwenyewe anadaiwa na mteja, ndipo adai salio. Akizidisha hata sarafu moja, anashindwa kesi yote. Wa pili ni mtu aliyenunua mali ya aliyefilisika. Siku hizo mali ya muflisi iliuzwa yote kwa mnunuzi mmoja, naye akapata haki ya kukusanya madeni yake. Huyu pia hakuruhusiwa kumdai mtu bila kukata kile ambacho muflisi alikuwa anadaiwa na mtu huyo.

Basi tangu miaka 1,800 iliyopita walinyoshewa kidole mwenye benki na yule anayesimama mahali pa muflisi. Wote wawili waliambiwa jambo moja: fungua daftari lote, si ukurasa unaoupenda tu.

Na tukitaja neno muflisi, tukumbuke tulikolitoa. Limekuja kwetu na Kiarabu, na shina lake ni lile lile la fulusi, yaani visarafu vya shaba. Muflisi ni mtu ambaye dhahabu na fedha zimemkimbia, akabaki na vishaba. Katika sheria ya Kiislamu nako umo mlango wa kukatana madeni, uitwao muqasa. Kwa hiyo wenyeji wa mwambao hawakungoja meli ya Mwingereza ili wajue kwamba deni hukutana na deni.

Mwingereza naye aliliandika jambo hili katika sheria yake mwaka 1705, enzi za Malkia Anne. Sheria ilisema kwamba kama muflisi na mtu mwingine wanadaiana, hesabu zao ziwekwe pamoja na litakalodaiwa ni salio tu. La ajabu ni kwamba wale ambao hawajafilisika walingoja hadi mwaka 1729 kupata haki kama hiyo mahakamani. Sheria ya 1729 ilikuwa ya kuwapunguzia taabu wafungwa wa madeni, maana iliwezekana mtu afungwe kwa deni ilhali aliyemfunga naye anadaiwa na mfungwa wake.

Sheria hiyo ilisafiri na bendera. Sheria za ufilisi za Kenya na Tanganyika za mwaka 1930 zilifuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Kenya iliibadilisha yake kwa sheria mpya ya mwaka 2015, lakini shina ni lile lile. Ndiyo maana hukumu inayotolewa London juu ya benki iliyofilisika husomwa na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam. Haiwafungi majaji wetu, lakini huwashika sikio.

Sasa tuje kwenye benki yenyewe. Ilijulikana kwa herufi BCCI. Ilianzishwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi, mwanabenki wa Pakistan, kwa mtaji uliotoka Abu Dhabi na kwa Bank of America. Iliandikishwa Luxembourg, lakini shughuli zake kubwa ziliendeshwa London. Ilipofikia kilele chake ilikuwa na matawi zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 70, na Kenya ilikuwa mojawapo. Ilijinadi kuwa benki ya Dunia ya Tatu, na wenye maduka wengi wa Kiasia huko Uingereza waliiamini kama ndugu.

Ndani yake kulikuwa na uozo. Mikopo isiyolipika ilifichwa ndani ya mikopo mingine, na amana nyingine hazikuandikwa kabisa vitabuni. Mwaka 1990 ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Florida, Marekani, la kusafisha fedha za dawa za kulevya. Mwezi Juni 1991 wakaguzi wa hesabu, Price Waterhouse, waliipa Benki Kuu ya Uingereza ripoti ya udanganyifu huo, na siku ya Ijumaa, tarehe 5 Julai 1991, benki ikafungwa. Mwezi Januari 1992 mahakama ya London ikaamuru ifilisiwe.

Bima ya amana ya Uingereza wakati huo ililipa robo tatu ya pauni 20,000 za kwanza, yaani mtu hakuweza kupata zaidi ya pauni 15,000. Halmashauri ya visiwa vya Western Isles, huko Scotland, ilikuwa imeweka pauni milioni 23 hivi. Fikiria mwenyewe.

Katika vurugu hiyo ndipo swali letu la milioni 8 na milioni 10 lilipofika mahakamani. Kwa mtu aliyeweka amana kwa jina lake na kukopa kwa jina lake, jibu lilikuwa wazi: madeni yanakatana. Tena yanakatana yenyewe. Mwaka 1995, katika kesi ya Stein dhidi ya Blake, majaji wa Baraza la Malodi, ambalo zama hizo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, walieleza kwamba saa ya kufilisika inapogonga, yale madeni mawili yanatoweka na linabaki salio moja. Huna haja ya kuomba, na mfilisi hana uwezo wa kukataa.

Shida ilikuwa kwa watu ambao hawakukopa kwa majina yao. Mfanyabiashara ana kampuni. Kampuni inataka mkopo, naye anaweka akiba yake mwenyewe benki iwe dhamana. Moyoni mwake kampuni ni yeye na yeye ni kampuni. Mbele ya sheria hao ni watu wawili.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya kampuni iitwayo MS Fashions, mwaka 1993. Karatasi alizosaini mwenye amana zilisema kwamba yeye mwenyewe atahesabiwa kuwa mdaiwa mkuu wa deni la kampuni. Maneno mazito, ambayo wakili mwangalifu angemshauri asiyakubali. Benki ilipofilisika, maneno hayo ndiyo yaliyomwokoa. Kwa kuwa yeye binafsi anadaiwa, na yeye binafsi anaidai benki, madeni yalikutana na kukatana, na deni la kampuni likapungua kwa kiasi hicho.

Kesi ya pili iliamuliwa na Malodi mwezi Oktoba 1997. Hapa mwenye amana hakuahidi kulipa deni la mtu. Alisema tu: fedha zangu hizi zishikeni mpaka mkopo wa kampuni ulipwe. Kwa macho ya mtu wa kawaida huyu alikuwa mwerevu zaidi, maana hakujitia kitanzi. Lakini Malodi wakasema: kampuni inadaiwa na benki, na huyu anaidai benki, kila mmoja ana daftari lake, na madaftari mawili hayakatani. Mfilisi ana haki ya kuidai kampuni mkopo wote, na mwenye amana akapange foleni ya muflisi pamoja na wengine.

Hukumu ya kesi zote mbili ilisomwa na jaji yule yule, Hoffmann, mara ya kwanza akiwa Mahakama Kuu na mara ya pili akiwa Lodi. Hakujipinga. Sheria aliyoitumia ni moja. Kilichotofautiana ni sentensi chache katika fomu ya benki. Aliyebeba mzigo mzito akatoka salama, na aliyebeba mwepesi akapoteza.

Najua atatokea msikilizaji wa kusema kwamba huo ni uonevu, kila mtu angekatiwa. Ngoja kidogo. Mfilisi ana chungu kimoja. Kila shilingi inayokatwa kwa ajili ya mwenye mkopo ni shilingi ambayo haitaingia chunguni. Mama aliyeweka akiba yake ya uzeeni bila kukopa chochote hana deni la kukatia. Yeye anangoja chungu tu. Ndiyo maana majaji hushika sana sharti la kwamba wanaodaiana wawe ni wale wale, tena kwa nafsi zao. Wakililegeza, wanaoumia ni wale waliokuwa waangalifu kuliko wote.

Sasa tuingie katika fidia, maana deni si lazima liwe la fedha ulizohesabiwa dirishani. Wafanyakazi wengi wa BCCI walikuwa wamekopeshwa na mwajiri wao, wengine kwa ajili ya nyumba. Wafilisi waliwaachisha kazi, kisha wakawadai mikopo. Nao wafanyakazi wakajibu: na sisi tunawadai. Mlituajiri katika benki ya wizi bila sisi kujua, na leo kila tunapopeleka maombi ya kazi na jina la BCCI likaonekana, milango inafungwa.

Mwezi Juni 1997, katika kesi ya Malik, Malodi walikubali kwamba dai la namna hiyo lipo. Mwajiri ana wajibu, hata kama haukuandikwa popote, wa kutovunja imani kati yake na mfanyakazi, na kuendesha benki kwa hila ni kuivunja. Mwezi Machi 2001, katika kesi ya Ali, waliongeza kwamba hata mfanyakazi aliyepunguzwa kazi mwaka 1990 na kusaini karatasi ya kumaliza madai yote hakufungwa na karatasi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyedhani wakati ule kwamba dai la aina hiyo lingekuwapo.

Jambo hili lina uzito katika hesabu yetu. Kosa lilitendeka kabla benki haijafungwa, kwa hiyo fidia yake nayo ni deni la benki. Hata kama kiasi hakijulikani, sheria hutaka kikadiriwe, na hesabu ipigwe kana kwamba yote yalijulikana siku ile ya kufilisika. Dai lililokuja kugunduliwa baadaye linarudi nyuma na kukaa mahali pake daftarini.

Lakini kushinda hoja si kushinda fedha. Wafanyakazi watano walichaguliwa kesi zao ziwe za kupimia nyingine. Mwaka 1999 jaji aliona kwamba hawakuthibitisha kuwa walikosa kazi kwa sababu ya doa la BCCI, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2002. Haki ilikuwapo kitabuni. Ushahidi wa hasara ndio uliokosekana.

Walioweka amana nao walitafuta fidia, tena kwa mkubwa zaidi. Mwaka 1993 wafilisi na maelfu ya wenye amana waliishitaki Benki Kuu ya Uingereza yenyewe kwa kuisimamia BCCI vibaya. Sheria ya mabenki ya mwaka 1987 ilimkinga msimamizi asishitakiwe isipokuwa kwa nia mbaya, kwa hiyo uzembe pekee haukutosha. Kesi ilianza kusikilizwa mwezi Januari 2004. Wakili wa wadai alifungua kwa hotuba ya siku 80, na wa Benki Kuu akajibu kwa siku 119. Mwezi Novemba 2005 wafilisi waliiondoa kesi, wakailipa Benki Kuu pauni milioni 73 za gharama.

Nisiache picha nusu. Wafilisi hawa walikusanya sana, ikiwa ni pamoja na malipo ya serikali ya Abu Dhabi iliyokuwa mwanahisa mkubwa, na mwishowe wadai walipata zaidi ya robo tatu ya fedha zao. Gawio la kwanza lilitoka mwezi Desemba 1996, miaka zaidi ya mitano tangu mlango ulipofungwa. Kwa mwenye duka, miaka mitano ni duka lenyewe.

Je, mambo yakigeuka, akafilisika mteja badala ya benki? Kanuni ni ile ile, ila mara hii inamkata mteja. Huko Uingereza mabenki yaliwauzia wakopaji wengi bima ya kulinda mikopo ambayo hawakuihitaji au hawakuielewa. Yalilazimika kurudisha zaidi ya pauni bilioni 30, hadi mwisho wa kupokea madai, tarehe 29 Agosti 2019. Miongoni mwa waliodai walikuwamo watu waliokwisha kufilisika na kufunguliwa. Wengi walishangaa kuambiwa kwamba fidia si yao: kosa lilitendeka kabla ya ufilisi, kwa hiyo dai ni mali ya wadai wao. Scotland palitokea tofauti. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu aliyekabidhi mali yake kwa mdhamini kwa ajili ya wadai, mdhamini akagawa gawio la mwisho na kufunga hesabu, fidia iliyogunduliwa baadaye ni ya mtu mwenyewe. Daftari lililofungwa halikufunguliwa tena.

Ndugu msikilizaji, mambo haya hayako mbali na sisi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia benki tano kwa siku moja, zikiwamo za wananchi wa Njombe, Meru na Kagera. Bima ya amana wakati huo ililipa mwisho shilingi 1,500,000 kwa mtu. Aliyekuwa na zaidi alibaki kumtazama mfilisi. Na benki kufungwa hakufuti mkopo wa mtu yeyote.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari lenyewe lina jina juu yake. Kabla hujaweka akiba yako iwe dhamana ya mkopo wa kampuni yako, wa chama chenu cha ushirika au wa shemeji yako, uliza mkopo umeandikwa kwa jina la nani na amana kwa jina la nani, kisha umwombe anayeijua sheria akusomee fomu kabla ya kalamu. Weka taarifa zako za benki mahali ambapo mchwa na watoto hawafiki, maana siku ya hesabu hutaulizwa unakumbuka nini, utaulizwa una karatasi gani. Na kama benki imekutendea kosa, lidai ungali na ushahidi mkononi. Wale watano wa BCCI walikuwa na sheria upande wao, wakakosa ushahidi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.